Shaba katika Chungu Kigonjwa

Tangu maiti ya Metwalli Gharib iokotwe kando ya shamba la miwa, kichwa kimepondwa, Meja Wahdan hakuwa amepata usingizi wa maana. Asubuhi hiyo aliongezewa mzigo mwingine. Mwendesha mashtaka alipiga simu kutoka Qina, akasema anamtaka mshukiwa, Bakhit, mbele yake kabla ya swala ya alasiri, na faili liwe limekamilika.

"Tumpeleke tu, Afande," alisema Sajini Tawadros. Alikuwa anakoroga chai nzito kwa sukari, kijiko kinazunguka kwa tabu. "Tumpeleke, tukalale. Kesho Mungu ataleta maiti nyingine."

"Na mwanawe tumpeleke wapi?"

Tawadros aliendelea kukoroga. Mji mzima ulijua kwa nini Wahdan anauliza. Ukoo wa Gharib ulikuwa umekataa kupokea rambirambi. Hapakuwekwa viti barabarani, hapakupikwa kahawa, msomaji wa Kurani alirudishwa mlangoni kwa adabu. Huku kwetu Saidi, kusini mwa Misri, nyumba ikikataa pole ujue haijamaliza kazi ya kisasi. Kazi yenyewe ilikuwa Naji, mtoto pekee wa kiume wa Bakhit, aliyejifungia ndani na mama yake. Mpwa wa marehemu, Ashmawi, alikaa mchana kutwa juu ya paa la kina Gharib, bunduki magotini, akiutazama mlango wa Bakhit ng'ambo ya barabara. Bakhit akishtakiwa na kufungwa wasikoweza kumfikia, Naji anakufa badala yake. Bakhit akiachiwa bila jina la mtu mwingine kupatikana, anakufa yeye mwenyewe. Wahdan alikuwa ameweka askari wawili pale. Askari wawili, jamani, dhidi ya ukoo!

Ushahidi dhidi ya Bakhit ulikuwa mwembamba kama uji wa mgonjwa. Wote wawili, yeye na Metwalli, walifanya kazi kwenye kiwanda cha alumini. Metwalli alikuwa msimamizi wake, na siku ile ile ya mauaji walitukanana mbele ya zamu nzima. Daktari alisema pigo lilitokana na kitu kizito chenye mdomo wa mviringo. Polisi wakapekua kabati la Bakhit wakakuta kipande cha bomba. Bomba halikuwa na damu, lakini lilikuwa la mviringo, na mwendesha mashtaka aliridhika nalo.

Wahdan hakuridhika. Bomba la kweli, alifikiri, lingetupwa. Na mtu wa kiwanda kile angelitupa wapi kama si chunguni, kwenye yale matangi ya kuyeyushia alumini? Kwa hiyo alikuwa amemwomba mkemia wa kiwanda, Bibi Insaf, apime alumini ya kila chungu na kutafuta chuma kilichozidi. Chuma kilipatikana, kwenye chungu namba ishirini na mbili, na Wahdan alifurahi kwa muda wa kunywa chai moja tu. Insaf akamwambia chungu hicho ni kigonjwa. Nondo za chuma zilizo chini yake zimeanza kuliwa, ndiyo maana chuma kinapanda kila siku, na kitapanda mpaka wakizime. Wahdan akashukuru, akarudi kituoni, akavua viatu.

Sasa simu ililia tena. Ilikuwa Insaf.

"Afande, njoo maabara. Nimekupa jibu nusu."

"Nusu gani, Bibi? Mimi nina mpaka alasiri."

"Basi unanipotezea muda wa nini kwenye simu?"

* * *

Maabara ilinuka dawa na vitunguu, kwa kuwa Insaf alikuwa anakula ful yake ya asubuhi, maharage ya kuponda, mezani kabisa. Mwanamke wa makamo, mfupi, asiye na muda wa salamu ndefu. Alisukuma bakuli pembeni, akaweka mbele ya Wahdan na Tawadros kipande cha alumini cha mviringo chenye doa jeusi katikati, pale cheche ya mashine ilipokiunguza.

"Hii ni sampuli ya chungu kigonjwa. Uliniambia nitafute chuma, nikatafuta chuma. Kosa langu. Sisi sote hapa tumelelewa hivyo. Tunaangalia chuma, tunaangalia silikoni, tunafunga mashine. Chuma ndicho kinachoharibu alumini yetu, ndicho kinacholetea watu ugomvi na mabosi. Jana jioni nikasema ngoja nisome na vingine."

"Ukakuta?"

"Shaba. Ilikuwa karibu na sifuri, halafu ikaruka juu ghafla. Tangu hapo inashuka kidogo kila tunapochota alumini chunguni na mpya kuongezeka. Chuma cha nondo kinapanda polepole kila siku. Hii imeruka mara moja, halafu inashuka. Unaona tofauti?"

"Kuna kitu kilitumbukizwa mara moja tu."

"Umefaulu darasa."

Tawadros alikohoa. "Wezi wa nyaya, Bibi. Nyaya za shaba zinaibwa kila wiki. Mmoja kaona walinzi wanakuja, katupa mzigo chunguni."

"Nami nilisema hivyo, nikaenda kulala," alisema Insaf. "Ila nyaya ni shaba tupu. Humu zinki nayo imeruka, siku hiyo hiyo, kwenye chungu hicho hicho. Shaba na zinki pamoja ni nini?"

Wahdan alikuwa amekwisha kuelewa. "Shaba ya manjano. Kama ya vitasa."

"Kama ya vitasa, ila kitasa kimoja nisingekiona ndani ya tani na tani za alumini. Hii ni kilo kadhaa."

"Mimi nilidhani ile chumvi ya moto chunguni inaacha chuma tu, vingine inateketeza."

"Kila mtu anadhani!" Insaf alipandisha sauti, uchovu wa miaka mingi ya kusema jambo moja ukamtoka. "Chumvi iliyoyeyuka haiteketezi, Afande, inayeyusha tu. Tunatia ule unga mweupe, chumvi inauyeyusha, umeme unapita, alumini inajitenga na kutulia chini ikiwa majimaji. Umeme haumwonei haya mtu. Metali yoyote iliyo nyepesi kujitenga kuliko alumini inateremshwa kwanza. Chuma kinatangulia, shaba inatangulia. Ukitumbukiza pete yako ya ndoa humo, haitapotea. Itakuwa imelala chini na alumini, inanisubiri mimi."

"Ilitumbukizwa lini?"

"Siku moja baada ya maziko. Sampuli ya asubuhi safi, ya jioni imechafuka."

Wahdan alikaa kwenye kiti bila kukaribishwa. Siku moja baada ya maziko Bakhit alikuwa mahabusu, amefungwa pingu, anagombana na Tawadros juu ya blanketi. Kama kitu hicho ndicho kilichoua, mwenye mkono hakuwa Bakhit.

"Kilo kadhaa za shaba ya manjano," alisema polepole. "Kitu chenye mdomo wa mviringo. Kinachoweza kushikwa kwa mkono."

"Kinu," alisema Tawadros.

"Nini?"

"Kinu cha shaba, Afande! Cha kutwangia vitunguu saumu. Kila mama anacho, kwetu Wakristo na kwenu. Marehemu mama yangu alinirushia mchi wake nikiwa na miaka kumi, mpaka leo nina alama." Akainamisha kichwa ili waione.

"Inua kichwa chako, Tawadros, tumeiona."

* * *

Ukumbini mwa vyungu joto liliwapokea mlangoni. Vyungu vilipangwa safu moja ndefu, kila kimoja kikubwa kuliko chumba cha kulala, juu yake ukoko mgumu mweupe, na chini ya ukoko mwanga mwekundu. Wahdan aliacha saa yake kwa mlinzi, maana sumaku ya umeme ule huua saa. Pingu alizoziweka mfukoni zilikuwa zinavutwa pembeni, suruali ikimkaa upande.

Msimamizi mpya wa zamu, fundi waliyemwita Usta Jad, aliwapeleka kwenye chungu namba ishirini na mbili. Wafanyakazi wengine walikipita mbali kidogo. Chungu kigonjwa kinaweza kupasuka chini, na hakuna anayependa kusimama karibu siku hiyo.

"Usta, mtu akitupa humu kitu cha baridi, kinafanya nini?"

"Mungu apishe mbali! Kikiwa na unyevu hata wa jasho la kiganja kinalipuka. Kinarusha moto usoni kwa watu. Sisi hata koleo hatulizamishi hivi hivi. Tunalilaza kwanza juu ya ukoko lipate moto, ndipo tunalitia."

"Siku moja baada ya maziko ya Metwalli, mlisikia mlipuko hapa?"

"Hapana. Ningekumbuka."

"Kwa hiyo aliyetumbukiza alikipasha moto kwanza. Ni mtu wenu."

Jad alijifuta uso kwa kitambaa.

"Nani analea chungu hiki?"

"Anayekubali. Wengi hawataki." Jad aliangalia sakafu. "Hilal alijitolea. Hilal Gharib, ndugu wa marehemu. Alirudi kazini siku moja tu baada ya kuzika. Tulimwambia, ndugu yangu, kaa nyumbani na mama yako. Akasema nyumbani kunamchoma kuliko huku."

Tawadros alitaka kusema kitu, Wahdan akamkanyaga kidogo mguuni.

"Yuko wapi sasa?"

"Anaingia zamu ya mchana. Atafika adhuhuri."

* * *

Nyumba ya kina Gharib ilikuwa na mlango wa nyuma, upande wa tanuri la mkate, na huko ndiko Wahdan alikokwenda. Mlango wa mbele ulikuwa wa wanaume na bunduki zao. Ratiba, dada wa Metwalli na Hilal, alikuwa anachochea moto kwa mabua ya mtama. Mjane, mikono imejaa majivu. Alipomwona polisi alivuta shungi usoni.

"Serikali haijachoka kutusumbua?"

"Serikali imechoka sana, dada yangu. Nakuuliza jambo dogo, naondoka. Nimesikia binti wa marehemu alijifungua siku chache kabla ya msiba."

"Alijifungua. Wa kiume. Babu yake hakumfaidi."

"Sherehe ya mtoto ya siku ya saba mliifanya?"

"Tutaifanyaje na msiba? Tulijifungia chumbani sisi wanawake tu. Tulimtia kwenye ungo, tukamruka, tukamaliza. Bila wimbo."

"Mlimgongea kinu sikioni, asije akawa mwoga?"

"Tuligonga sufuria." Ratiba alisogeza bua motoni. "Ya alumini. Sauti yake mbaya. Mtoto hata hakushtuka."

"Nyumba kubwa kama hii haina kinu?"

"Kipo, cha bibi yetu, kizito hicho! Ila Hilal alikichukua kukipeleka kung'arishwa, kwa ajili ya siku ya saba."

"Alikichukua lini?"

"Siku moja baada ya kuzika. Nilimwona anakitia kwenye kikapu chake cha chakula, nikamwambia, Hilal, kwenye msiba huu unakumbuka kinu? Akasema mtoto hana kosa. Nikalia. Nikasema kumbe ana moyo."

Alikuwa bado ameinama. Bua liliungua mpaka karibu na vidole vyake ndipo akalitupa. Aligeuka, akamtazama Wahdan usoni bila kukumbuka shungi.

"Kwa nini unauliza kinu?"

"Usiku ule, kabla Metwalli hajapatikana kwenye miwa, kulikuwa na ugomvi humu ndani?"

"Kwa nini unauliza kinu, wewe?"

"Nijibu, dada yangu. Kuna kijana ng'ambo ya barabara anasubiri kuuawa."

Ratiba alikaa chini pale pale kwenye majivu. Akasimulia. Metwalli alikuwa amesema atampa yeye, Ratiba, fungu lake la ardhi ya baba yao, kama Mungu alivyoandika, na si kama desturi ya wanaume wa ukoo. Hilal alisema ardhi ya Gharib haiendi kwa mwanamke ikalimwe na wageni. Walikuwa jikoni. Yeye alitumwa kwa jirani kuazima chachu, na aliporudi hakuwakuta. Hilal alimwambia Metwalli ametoka kwenda kumtafuta Bakhit, wamalize maneno yao ya kazini.

"Nikamsadiki," alisema. "Ni ndugu yangu. Ningefanyaje?" Akaanza kujipiga kifuani, bila sauti, ili wa mbele wasisikie.

* * *

Hilal Gharib alifika kazini akiwa na kikapu chake. Mtu mrefu, mpole wa maneno, macho mekundu. Walimkuta akilaza koleo juu ya ukoko.

"Mungu akupe subira, Hilal."

"Hatupokei pole bado, Afande. Unajua."

"Najua. Kinu cha nyumbani kwenu kiko wapi?"

"Kinu?" Alicheka kidogo. "Afande anataka kutwanga nini?"

"Kiko wapi?"

"Kimeibiwa. Nilikiweka chini sokoni, nikageuka, hakipo."

"Dada yako anasema kiko kwa fundi, kinang'arishwa."

"Sikutaka kumwongezea huzuni."

"Umeripoti wizi?"

"Ndugu yangu ameuawa, nikaripoti kinu?"

Jibu zuri. Tawadros alimtazama bosi wake. Wahdan alijifuta shingo kwa leso iliyokwisha kulowa zamani.

"Mimi nasema kimo humu, Hilal. Chini ya miguu yetu."

Hilal hakushtuka. Alielekeza koleo kwenye chungu. "Pima. Muulize Bibi Insaf. Chungu hiki kina chuma, ndiyo, kila mtu anajua, nondo zimeliwa. Kabla sijakishika kilikuwa na chuma."

"Sikupima chuma."

"Wanapima chuma tu."

"Leo wamepima shaba."

Watu wa vyungu wamezoea kusimama karibu na moto bila kupepesa, lakini Hilal alipepesa. "Shaba? Shaba nani anaipima?" Akamgeukia Usta Jad, kama mtu anayelalamikia utaratibu mbovu. "Toka lini watu wanapima shaba, Usta?"

Jad alirudi nyuma hatua moja. Hilal aliyasikia maneno yake mwenyewe, na mabega yakamshuka.

"Nilikipasha moto kwanza," alisema hatimaye. "Muulize yeyote. Hakuna aliyeungua. Nisingewadhuru wenzangu."

"Na Bakhit je? Si mwenzako? Mwanawe je?"

Hilal alilaza koleo chini taratibu, akanyoosha mikono. Pingu zilimsumbua Wahdan kuzifunga, zikivutwa huku na huku, mpaka Tawadros akamshikia.

* * *

"Tunakwenda kituoni," alisema Tawadros kwenye gari.

"Tunakwenda kwao kwanza."

"Afande, si utaratibu. Mwendesha mashtaka atatula wabichi."

"Nikiwaambia mimi, nani atanisadiki? Watasema serikali imebuni hadithi kuzuia kisasi. Usiku Naji atakuwa maiti, na sisi tutakuwa na karatasi safi. Atamwambia mama yake kwa mdomo wake."

"Na asiposema?"

"Basi nitakuwa nimekosea, Tawadros. Nimechoka, usiniulize."

Hajati Wasila, mama wa Metwalli na Hilal, alikuwa ameketi kizingitini mwa mlango wa mbele, amevaa nguo nyeusi tii kuanzia kichwani hadi miguuni. Wanaume wa ukoo walisimama ukutani. Juu ya paa Ashmawi aliinuka, bunduki mkononi, alipoona mjomba wake anashushwa garini na pingu. Mmoja wa wanaume alianza kufoka. Mwanamke mzee aliinua kidole na mtu yule akanyamaza.

"Meja, umenifungia mwanangu aliyebaki?"

"Hajati, shikamoo. Usiniulize mimi. Muulize yeye."

"Hilal. Huyu anasema nini?"

Hilal alitazama vumbi. Wahdan alihesabu uwezekano wote uliobaki, na haukuwa mwingi. Kama mtu huyu akinyamaza sasa, bunduki ya juu ya paa ingeamua mengine.

"Hilal, mimi mama yako nakuuliza. Umefanya nini?"

"Ardhi, mama," alisema Hilal. "Alitaka kuigawa. Nilishika kitu kilichokuwa karibu, halafu nikambeba mpaka kwenye miwa. Sikujua kama ni kizito vile."

Ndani ya nyumba Ratiba alitoa kilio alichokuwa amekizuia tangu asubuhi. Wanaume ukutani hawakujua wamwangalie nani. Hajati Wasila hakulia. Alijaribu kusimama, akashindwa. Wahdan alimpa mkono, akausukuma, akajiinua mwenyewe kwa kushika mwimo wa mlango. Ilimchukua muda, na watu wote walimngoja.

Aliinua uso kuelekea paani.

"Ashmawi! Shuka na hiyo bunduki."

"Lakini, bibi, kina Bakhit..."

"Shuka, nakwambia. Huyo tunayemtafuta nimemzaa mimi."